Fitina ya Iago Hatua kwa Hatua: Mwongozo Kamili wa Kusoma na Kuigiza Tanzia ya Othello

Tamthilia ya Othello, ambayo kumbukumbu ya kwanza ya kuchezwa kwake ni ya tarehe 1 Novemba 1604 katika jumba la kifalme la Whitehall mjini London, mbele ya Mfalme James wa Kwanza, huharibiwa na vikundi vya maigizo kwa namna moja inayojirudia. Mwigizaji wa Iago hukenua meno na kunong'ona kishetani tangu anapoingia jukwaani, mwigizaji wa Othello huanza kunguruma kabla hajapewa sababu, na hadhira hubaki ikijiuliza inakuwaje jemadari mwenye akili timamu adanganywe na mtu ambaye ubaya wake unaonekana hadi viti vya nyuma. Chanzo cha kosa hilo ni kuuchukulia wivu kuwa hisia inayomlipuka mtu. William Shakespeare aliuandika kama kazi ambayo mtu mmoja anamfanyia mwenzake kwa maneno machache na kifaa kimoja kinachopita mikononi mwa watu, na kila hatua ya kazi hiyo hadhira inaonyeshwa. Mwongozo huu umekusudiwa walimu wa fasihi, wanafunzi na viongozi wa vikundi wanaotaka kuisoma au kuiigiza tanzia hii kwa kuifuata kazi hiyo mstari kwa mstari.

Hatua ya kwanza: Kubalianeni juu ya matini

Othello ilichapwa mara ya kwanza mwaka 1622, miaka sita baada ya kifo cha mwandishi, kisha ikachapwa tena mwaka 1623 ndani ya juzuu kubwa lililokusanya tamthilia zake. Matini hizo mbili hazilingani. Ile ya 1623 ina takriban mistari 160 zaidi, ukiwamo wimbo wa mti wa mlilia ambao Desdemona anauimba usiku wa kufa kwake pamoja na sehemu kubwa ya hotuba ya Emilia, mke wa Iago, kuhusu makosa ya waume, ilhali ile ya 1622 ina viapo vingi vilivyopunguzwa baadaye. Matoleo mengi ya leo huziunganisha, kwa hiyo kabla ya kuanza mazoezi hakikisheni kwamba kila mtu anatumia toleo lilelile, kwa sababu tofauti ya maneno mawili katika kiapo hubadilisha hali ya mtu anayekitamka.

Kikundi kitakachoamua kujitafsiria kwa Kiswahili kina mfano mzuri mbele yake. Mwalimu Julius Nyerere alikwisha kuwaleta watu wa Venisi katika lugha hii mwaka 1969 kwa Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya tamthilia nyingine ya Shakespeare, na msomaji aliyeipitia atayatambua mazingira ya tendo la kwanza la Othello mara moja: mji wa biashara, baraza la wakubwa, sheria inayomhitaji mgeni kwa sababu ya faida yake. Ushauri wangu ni kuanza kutafsiri onyesho la tatu la tendo la tatu, si mwanzo wa tamthilia, kwa sababu hapo ndipo mtakapojua kama lugha mliyoichagua inabeba mazungumzo mafupi ya kukatizana au inafaa hotuba tu.

Hatua ya pili: Chora ramani ya vyeo na vinyongo

Kwa asiyeijua hadithi, kiini chake ni hiki. Othello, Mmori (mtu wa asili ya Afrika) aliyekuwa jemadari wa jeshi la Venisi, amemwoa kwa siri Desdemona, binti wa seneta Brabantio. Amempa Michael Cassio wa Florence cheo cha luteni, na Iago, aliyepigana naye vita vingi, ameachwa mshika bendera. Kundi la meli za Waturuki linaelekea Kupro, kisiwa ambacho Venisi ilikitawala tangu 1489 hadi kilipoangukia mikononi mwa dola ya Uthmaniya mwaka 1571. Othello anatumwa kukilinda, tufani inazimaliza meli za adui kabla ya vita, na askari wasio na vita wanabaki kisiwani pamoja na wake zao. Humo Iago anamshawishi Othello kwamba Desdemona anazini na Cassio. Othello anamuua mkewe kitandani, anagundua ukweli, kisha anajiua.

Katika karatasi moja kubwa andikeni jina la kila mhusika, cheo chake, anachokitaka na anayemdai. Mtaona kwamba karibu kila mmoja ana haja inayompitisha kwa Iago. Roderigo, bwana tajiri wa Venisi, anamtaka Desdemona, Cassio anataka kurudishiwa cheo, Emilia anatafuta upole wa mumewe, na Othello anamhitaji mtu wa kumweleza desturi za Venisi, mji ambao ameutumikia bila kuzaliwa ndani yake. Fitina ya Iago haihitaji nguvu za ajabu, kwa sababu yeye amekaa mahali ambapo haja za watu wote zinakutana. Kwenye karatasi hiyohiyo wekeni alama kila mara mtu anapomwita Iago mwaminifu. Othello anamwita hivyo, Cassio anamwita hivyo, na neno hilo pamoja na jina lake vinafuatana makumi ya mara hadi dakika za mwisho. Mwigizaji wa Iago aitazame orodha hiyo na kuiamini: mbele ya wenzake yeye ni askari mkweli, mcheshi kidogo, mwenye ulimi mkali lakini wa kutegemewa, na hakuna hata mmoja anayemwona vinginevyo.

Hatua ya tatu: Thibitisha kwamba Othello hana wivu

Hatua hii huonekana ndogo, na ikirukwa jengo zima huanguka. Someni tendo la kwanza mkitafuta ushahidi wa tabia ya Othello kabla hajaguswa. Baba mkwe wake anamjia usiku na watu wenye silaha, naye anawaambia warudishe panga zao zinazong'aa, maana umande utazitia kutu. Anashtakiwa mbele ya baraza kwamba amemroga binti wa watu, naye haombi huruma, anaomba Desdemona aitwe aseme mwenyewe. Desdemona anakuja na kusema kwa ufasaha kwamba wajibu wake sasa ni kwa mumewe, kama ulivyokuwa wajibu wa mama yake alipomchagua Brabantio mbele ya baba yake mwenyewe.

Kisha linakuja tukio ambalo msomaji mwenye haraka hulipita. Brabantio anaondoka akimwonya Othello amchunge mke huyo, kwa kuwa aliyemdanganya baba yake anaweza kumdanganya na mumewe. Othello anajibu kwamba anaweka maisha yake rehani kwa uaminifu wa mkewe, na katika pumzi ileile anamgeukia Iago mwaminifu na kumkabidhi Desdemona amsafirishe hadi Kupro. Iago amesimama pale na amelisikia onyo la Brabantio. Siku zijazo atalirudisha karibu kama lilivyo, na safari hiyo litachoma. Mwongozaji amweke Iago mahali ambapo hadhira itamwona akilipokea onyo hilo, lakini asimruhusu kufanya ishara yoyote ya usoni.

Hatua ya nne: Soma uzungumzi nafsia kama rasimu

Iago ana mistari mingi kuliko Othello mwenyewe, na sehemu kubwa ya uzito huo iko katika nyakati anapobaki peke yake na kuzungumza na hadhira. Wanafunzi huulizwa katika mitihani ni sababu gani iliyomsukuma, na wengi hujibu kwa kuchagua moja. Orodhesheni zote mlizopewa na matini: amenyimwa cheo, amesikia uvumi kwamba Othello amelala na Emilia, anamshuku hata Cassio kwa jambo lilelile, anasema na yeye anampenda Desdemona kwa namna fulani, na karibu na mwisho anakiri kwamba maisha ya Cassio yana uzuri wa kila siku unaomfanya yeye aonekane mbaya. Mshairi Samuel Taylor Coleridge aliona kwamba mtu huyu ana uovu usio na sababu na kwamba sababu hizo anazitafuta baadaye. Maoni hayo ni maarufu, nami sikubaliani nayo kikamilifu.

Angalieni lugha ya Iago anapozungumzia uvumi kuhusu Emilia. Anasema kwamba hana hakika, lakini kwa jambo la aina hiyo shuku tupu itamtosha kama hakika. Mahali pengine anasema fikra hiyo inamtafuna matumbo kama sumu. Huyu ndiye mtu wa kwanza mwenye wivu katika tamthilia nzima, na anachokifanya baadaye ni kumwambukiza mwenzake ugonjwa anaouguza mwenyewe, pamoja na kanuni yake ya kutohitaji ushahidi. Mwigizaji akilishika jambo hilo hatahitaji kuigiza shetani. Atakuwa mtu anayejua kwa undani maumivu anayoyapanda kwa mwingine, na ujuzi huo ndio unaomfanya afanikiwe.

Jambo la pili ni kwamba katika hotuba hizo Iago hana mpango kamili. Mwishoni mwa tendo la kwanza anajiuliza kwa sauti afanyeje, anapata wazo la kumtumia Cassio, kisha analiacha likue. Katika tendo la pili anakiri kuwa jambo liko kichwani lakini bado halijakaa sawa. Kwa hiyo kila hotuba ichezwe kama rasimu inayoandikwa mbele yetu, yenye kusita, kufuta na kufurahia wazo linapokubali. Giraldi Cinthio, Mwitaliano ambaye hadithi yake ya mwaka 1565 ndiyo iliyompa Shakespeare visa hivi, alikuwa na mshika bendera anayempenda Desdemona, akakataliwa, akaapa kulipiza. Sababu hiyo moja iliyo wazi Shakespeare aliiondoa katikati ya hadithi, na mwigizaji anayeirudisha kwa kumtazama Desdemona kwa uchu kila anapopita anaifanya tamthilia kuwa nyepesi kuliko ilivyo.

Hatua ya tano: Fanya onyesho la ulevi liwe jaribio

Usiku wa kwanza Kupro, Iago anamlevya Cassio, ambaye ameshasema waziwazi kwamba kichwa chake hakihimili pombe. Roderigo anamchokoza, panga zinachomolewa, Montano, gavana wa Kupro kabla ya Othello, anajeruhiwa, na Othello anatoka chumbani kuuliza nani ameanza. Vikundi hupoteza muda mwingi hapa kwa nyimbo na vichekesho vya walevi. Nyimbo zipo na zifurahishe, lakini kiini ni majibu ya Iago anapoulizwa. Anasema afadhali ulimi wake ukatwe kuliko umdhuru Michael Cassio, halafu anaeleza kila kitu. Othello anahitimisha kwamba Iago, kwa uaminifu na upendo wake, anajaribu kulipunguza kosa la rafiki yake, na papo hapo anamvua Cassio cheo.

Iago amejifunza jambo moja usiku huo: Othello humwamini zaidi mtu anayesitasita kusema. Mwigizaji alionyeshe somo hilo likiingia, kwa kutulia kidogo baada ya hukumu, kwa sababu kesho yake atalitumia kwa saa nzima.

Baada ya hapo anamshauri Cassio amwombe Desdemona amtetee. Ushauri ni mzuri, na Iago mwenyewe anaiuliza hadhira nani atamwita mhalifu wakati shauri alilolitoa ni la kweli na la bure. Wekeni mstari chini ya maneno anayomwambia Cassio kuhusu heshima, kwamba ni kitu cha bure ambacho watu hukipata bila kustahili na kukipoteza bila kosa. Mtayahitaji katika hatua inayofuata.

Hatua ya sita: Ligawe onyesho la tatu la tendo la tatu

Hili ndilo moyo wa tamthilia. Lina mistari inayokaribia 500, na mwanzoni mwake Othello anampenda mkewe bila shaka yoyote, ilhali mwishoni anapiga magoti na kuapa kulipiza kisasi. Lisifanyiwe mazoezi kwa mkupuo mmoja. Ligawanywe vipande, na kila kipande kijibu swali hili: Othello anajua nini sasa ambacho dakika moja iliyopita hakukijua? Jibu litawashangaza, kwa kuwa kwa sehemu kubwa ya onyesho hajui jambo lolote jipya.

Kipande cha kwanza kina maneno machache tu. Cassio anaondoka kwa Desdemona, na Iago anasema kana kwamba yanamtoka bila kutaka: hilo silipendi. Othello anauliza unasema nini, naye anajibu si kitu, bwana wangu. Othello anauliza kama yule aliyeondoka hakuwa Cassio, na Iago anakana, akisema hadhani Cassio angenyatia hivyo kama mwenye hatia baada ya kumwona jemadari akija. Tazameni ufundi wake: neno hatia limeingia masikioni kupitia sentensi ya kumtetea mtu. Desdemona anakuja hapohapo na kumwombea Cassio, je, aitwe leo jioni, au kesho mchana, au Jumanne, au Jumatano asubuhi, mradi zisipite siku tatu. Acheni awe mchangamfu na mwenye kudeka kidogo. Akiigizwa kama mtu mwenye hofu, hadhira itadhani anaficha jambo.

Kipande cha pili ni cha mwangwi. Iago anauliza kama Cassio alijua habari za mapenzi yao wakati wa uposaji. Ndiyo, alikuwa akipeleka ujumbe baina yetu mara kwa mara. Kumbe? Ndiyo, kumbe, unaona jambo gani hapo? Si mwaminifu? Mwaminifu, bwana wangu? Othello mwenyewe analalamika kwamba mtu huyu anarudia maneno yangu kana kwamba ndani ya fikra zake kuna dubwana la kutisha mno kuonyeshwa. Mwigizaji wa Iago asiweke maana yoyote katika marudio hayo, asipandishe nyusi, asitabasamu. Ayarudishe maneno yakiwa matupu, na Othello atayajaza mwenyewe.

Kipande cha tatu ni cha kusitasita kulikojaribiwa usiku uliopita, na hapa Iago anatoa hotuba yake mashuhuri kwamba anayeiba mfuko wake wa fedha ameiba takataka, lakini anayemwibia jina jema anamwacha fukara kweli. Linganisheni na alichomwambia Cassio saa chache zilizopita. Hadhira iliyosikiliza vizuri itacheka kwa uchungu, na kicheko hicho msikizuie.

Kisha anamwonya Othello dhidi ya wivu. Naliona hili kuwa pigo la kijanja kuliko yote, kwa sababu hadi wakati huo hakuna aliyemhusisha Othello na wivu mbele yake. Othello anakataa kwa heshima kuu: ataona kabla ya kushuku, akishuku atathibitisha, akithibitisha ataachana ama na mapenzi ama na wivu. Maneno hayo ni ya busara, na yanamfungulia Iago mlango wa kusema basi mwangalie mkeo pamoja na Cassio. Sasa inakuja ile kauli ya Brabantio: alimdanganya baba yake alipoolewa nawe. Othello anajibu kwa neno fupi la kukubali, na hapo sauti ibadilike kwa mara ya kwanza, si kwa kupanda bali kwa kushuka.

Kinachofuata kitazamwe kwa makini kwa sababu kwa muda mfupi kazi inabadilisha mikono. Othello mwenyewe anasema kwamba anamwamini Desdemona, lakini maumbile yakipotoka nafsini mwake, halafu anakatizwa. Iago anaidaka sentensi hiyo ambayo hakuianzisha, na kuongeza kwamba si kawaida mwanamke kukataa wachumba wa nchi yake, rangi yake na daraja lake. Shaka juu ya rangi imetoka kinywani mwa Othello mwenyewe, katika mji uliomthamini kwa upanga wake tu, na mfitini ameipa umbo. Mwachieni mwigizaji nafasi ya kupumua kabla ya sentensi ile isiyokamilika.

Iago anaaga, anaondoka, anarudi, na kumwomba bwana wake asilichunguze zaidi jambo hili, ila tu amcheleweshee Cassio cheo na aone kama Desdemona atasisitiza. Huo ni mtihani uliokwisha kutungwa kwa namna ambayo mtahiniwa hawezi kufaulu.

Othello anaporudi jukwaani baada ya kipindi kifupi ni mtu mwingine, anamkamata Iago na kudai ushahidi wa macho. Hapa na si kabla ndipo ngurumo zilipowekwa na mwandishi. Iago anamweleza kwamba ushahidi wa aina hiyo haupatikani, kisha anasimulia ndoto aliyoitunga, jinsi Cassio alivyomtaja Desdemona usingizini. Ndiyo mara ya kwanza katika onyesho hili anapotoa ushuhuda wa kubuni kuhusu wawili hao, na anautoa baada ya msikilizaji wake kuacha kupima ushahidi. Wanapiga magoti pamoja, wanaapa, Othello anamfanya Iago kuwa luteni, na Iago anasema ni wake milele. Magoti hayo mawili, yakipangwa yakielekeana na mikono ikishikana, yatawakumbusha watazamaji ndoa ambayo hawakuonyeshwa.

Hatua ya saba: Kifuatilie kitambaa

Kitambaa cha mkononi kilichotariziwa stroberi, zawadi ya kwanza ya Othello kwa mkewe, kiwe na mtu wake maalumu katika mazoezi anayeandika kiko wapi. Njia yake ni hii: Desdemona anataka kumfunga nacho Othello anayelalamika kichwa kinamuuma, kinaanguka, Emilia anakiokota, Iago anampokonya, kinaachwa chumbani kwa Cassio, Cassio anampa Bianca, hawara wake, ainakili nakshi yake, na Bianca anamrudishia kwa hasira mbele ya macho ya Othello aliyejificha. Mhakiki Thomas Rymer alikejeli mwaka 1693 kwamba tanzia nzima imejengwa juu ya kitambaa. Alikuwa sahihi kuhusu jengo, akakosea kuhusu uzito wake, kwa sababu mtu aliyenyimwa ushahidi wa macho hushika chochote kinachoonekana.

Kitengenezeni kikubwa kuliko kawaida na cha rangi inayoonekana kutoka mstari wa mwisho, na kianguke mahali ambapo mwanga unafika. Kuna maamuzi mawili ambayo mwongozaji hawezi kuyakwepa. Katika tendo la tatu Othello anasema mama yake alipewa kitambaa hicho na mwanamke wa Misri mwenye uwezo wa kusoma fikra, na katika tendo la tano anasema baba yake ndiye aliyempa mama yake. Je, ile ya kwanza aliitunga ili kumtisha Desdemona? Mwigizaji achague na asibadilike. La pili linamhusu Emilia, ambaye anamsikia Desdemona akijiuliza kitambaa kimepotelea wapi na anajibu kwamba hajui. Katika hadithi ya Cinthio mshika bendera anakiiba mwenyewe wakati Disdemona, kama anavyoitwa humo, amempakata mtoto wa miaka mitatu wa mwizi huyo. Shakespeare alimhusisha mke kwa makusudi, na uongo huo mfupi ndio utakaomlipua Emilia mwishoni, kwa hiyo usemwe kwa namna itakayokumbukwa.

Kuhusu muda

Wahakiki wameandika mengi juu ya muda wa tamthilia hii, kwa sababu matukio ya Kupro yakihesabiwa hayazidi siku mbili hivi, ilhali Bianca anadai Cassio hajamtembelea kwa juma zima na uzinzi unaosingiziwa ungehitaji nafasi ambayo haipo. Msijaribu kurekebisha. Mwendo uwe wa kasi, na mapumziko yawekwe baada ya kiapo cha magotini, kamwe si katikati ya onyesho lile refu, maana hadhira ikipewa nafasi ya kuhesabu saa itaanza kumshangaa Othello badala ya kumhofia.

Hatua ya nane: Onyesho la kusikiliza kwa siri, na wanawake watatu

Katika tendo la nne Iago anamficha Othello na kumfanya Cassio azungumzie habari za Bianca huku akicheka. Othello anaona kicheko, na anaamini kinamhusu Desdemona. Mpangilio wa jukwaa ni lazima uruhusu hadhira kumsikia Cassio vizuri na kumwona Othello kwa wakati mmoja. Njia rahisi ni kumweka Othello mbele pembeni, karibu na watazamaji, na mazungumzo yafanyike nyuma katikati. Bianca anapoingia na kitambaa, Iago naye ashtuke. Hakulipanga hilo, ni bahati, na watu wanaopika majungu hubebwa na bahati mara nyingi kuliko wanavyokiri.

Onyesho la Desdemona na Emilia chumbani kabla ya mauaji hukatwa na waongozaji wenye haraka, nami naona ni hasara kubwa. Humo Emilia anasema wake wana hisia kama waume wao, wanaona, wananusa, wanatofautisha tamu na chungu, na wakikosa wamefundishwa na makosa ya waume. Kabla ya hapo, mbele ya Iago, ameshasema kwamba lazima kuna mlaghai fulani anayetafuta cheo aliyemzulia bibi yake uongo huu. Amefika umbali wa hatua moja kutoka kwenye ukweli, na anayemzuia kuifika ni ndoa yake. Majukumu haya yalikuwa yakichezwa na wavulana hadi 8 Desemba 1660, siku ambayo mwanamke alimwigiza Desdemona katika jumba la maonyesho la London, tukio linalokumbukwa kama mwanzo wa waigizaji wa kike wa kulipwa katika majukwaa ya Uingereza.

Hatua ya tisa: Nani amwigize Othello

Kwa zaidi ya karne mbili Othello alichezwa London na wazungu waliojipaka rangi. Ira Aldridge, Mmarekani mweusi, aliigiza nafasi hiyo London mwaka 1825 na tena katika jumba la Covent Garden mwaka 1833. Paul Robeson aliichukua London mwaka 1930, kisha New York kuanzia 1943 kwa maonyesho 296, na mwaka 1987 John Kani aliicheza katika Market Theatre mjini Johannesburg chini ya uongozaji wa Janet Suzman, wakati ubaguzi wa rangi ulikuwa bado sheria ya nchi. Kwa kikundi cha Dar es Salaam au Mombasa ambacho waigizaji wake wote ni weusi, swali hugeuka: ugeni wa Othello utaonekanaje? Mavazi, namna ya kusimama na kutojua mizaha ya wenyeji vinatosha. Msimpe lafudhi ya kabila fulani la nchini, kwa sababu hadhira itacheka mahali pasipostahili, na tanzia nzima itageuka kuwa hoja kwamba watu wa asili fulani wana wivu kwa maumbile, hoja ambayo ni ya Iago.

Hatua ya kumi: Onyesho la mwisho

Emilia anapoambiwa kwamba aliyetoa habari ni mumewe, anauliza "mume wangu?" tena na tena, hadi Othello anakereka. Kila swali liwe na kazi yake: la kwanza la mshangao, linalofuata la kukumbuka, na la mwisho la mtu aliyekwisha kukumbuka kitambaa. Iago anamchoma mkewe kisu na kukimbia, anakamatwa na kurudishwa, na Othello anapotaka ajue kwa nini ameinasa nafsi yake, anajibu kwamba wasimwulize neno, wanachokijua wanakijua, na tangu sasa hatasema tena. Mtu aliyetushirikisha kila wazo lake tangu mwanzo anaifungia mlango hadhira pia, kwa hiyo asitazame upande wao.

Limebaki suala la silaha, ambalo huvuruga maonyesho mengi. Othello ananyang'anywa upanga na Montano, anatoa mwingine wa Kihispania uliokuwa chumbani na kumjeruhi nao Iago, ananyang'anywa huo pia, kisha anajiua kwa silaha ya tatu ambayo hakuna aliyejua anayo, na Cassio anasema kwamba alilihofia jambo hilo lakini alidhani hana tena silaha. Wekeni zote tatu mahali pake kabla pazia halijafunguliwa, ya tatu ikiwa imefichwa kitandani au kiunoni, zote ziwe butu, na mtu mmoja asiyeigiza awe na jukumu la kuzihesabu kabla na baada ya kila onyesho.